Nani Alikula Fungu la Robo?

Fundi mizani huyu hakuitwa kwa jina lake hata siku moja. Mkunga aliyempokea alimwinua kwa kiganja kimoja, akamgeuza huku na huku kama mteja anayeshuku amepunjwa, akasema, "Haya, robo imefika, tusubiri robo tatu." Robo tatu haikuja, jina likabaki. Alikua akiitwa Robo, akaoa akiitwa Robo, mkewe alipofariki watu wakaja kumpa pole Robo, na hata kibao cha karakana yake, alichokichora mwenyewe kwa rangi nyekundu, kiliandikwa FUNDI ROBO, MIZANI ZA AINA ZOTE. Wenye midomo walisema alichagua kazi hiyo ili siku moja aikamate mizani iliyomwaibisha.

Nyumbani kwake chakula kilipimwa. Sisemi kilikadiriwa kwa jicho, nasema kilipimwa. Katikati ya meza palikuwa na mizani ya sahani mbili aliyoinunua kwenye duka lililokuwa likifungwa, akaifufua, akaipiga msasa mpaka ikang'aa. Kabla mtu hajatia tonge kinywani, wali ulikaa sahani hii na mawe ya chuma sahani ile, na Robo aliinama usawa wa macho kusubiri mikono ya mizani itulie. "Mtu mmoja, fungu moja," alikuwa akisema. Majirani walidai kwamba kwa Robo hata chumvi inaapishwa. Yeye alijigamba kwamba ndani ya nyumba yake hakuna aliyewahi kugombania mnofu, na hilo lilikuwa kweli. Kwamba chakula kilifika mdomoni kimeshapoa, hakulitaja.

Waliokuwa wakipimiwa ni wanne. Yeye mwenyewe. Mama yake, kikongwe mdogo wa maneno machache, ambaye mchana kutwa alikaa na ungo mapajani akichambua mchele. Dada yake mkubwa, muuza vitambaa vya mapazia, mwanamke mwenye mwili uliojaa na kicheko kilichojaa zaidi, ambaye baada ya kuachana na waume wawili alirudi nyumbani na kitanda chake cha chuma. Huyu, kwa kuwa mdogo wake ni Robo, mtaa mzima ulimwita Tani, naye aliitika bila kinyongo. Wa nne alikuwa mkwe, mke wa mtoto pekee wa Robo. Mumewe alikuwa akiendesha tingatinga kwenye barabara iliyokuwa ikijengwa mbali, na alikuja nyumbani kwa nadra. Mkwe alikuwa mpole, mwenye kucheka kwa kuziba mdomo, na siku nzima alisimama kwa dobi akipiga pasi mashati ya watu.

Mkwe akashika mimba. Tumbo lilipoanza kuonekana, Tani alisema mezani kwamba jamani, huyu sasa ni wawili, aongezwe. Robo alilichukua jambo hilo kwa uzito wake. Aliweka kijiko chini, akashika kidevu, akafikiri mpaka wali ukapoa kuliko kawaida, kisha akahukumu kwamba mizani haimpimii mtu ambaye hajakaa kwenye kiti. Mtoto akizaliwa, fungu lake lipo, hata kama ni la kunusa tu. Mkwe akainama na kusema, "Inatosha, baba," na Robo akaona jambo limekwisha. Msomaji shika hapo, maana yeye hakushika.

Sukari ilimwingilia Robo kwa mlango wa uani. Kwanza ilikuwa kiu. Akanywa maji kama gari bovu, na alichokunywa kikamkimbiza chooni. Kisha Tani akawaona sisimizi wamepanga foleni kwenye kizingiti cha choo, akamwambia mdogo wangu, hao hawakuja kusali, nenda kapimwe. Kliniki ya serikali haikuwa mbali. Muuguzi wa sukari, mama wa makamo mwenye miwani iliyoning'inia kwa kamba shingoni, alimtoboa kidole, akatazama kijimashine chake, akamtobolea na kingine.

Robo alikataa majibu. Alikuwa mwembamba wa mikono na miguu, na kitumbo kidogo tu mbele kama mfuko aliosahau kuushusha. Sukari, kwa jinsi alivyojua yeye, ni ya wanene. Aliondoka, akarudi na Tani akiwa amemshika mkono kama mtu anayeleta kielelezo, akataka naye apimwe. Tani akapimwa, akaonekana hana kitu, akaomba majibu yasomwe tena kwa sauti ili mdogo wake asikie vizuri.

Hapo muuguzi, ambaye alikuwa na subira ya kazi yake, akamuuliza Robo maswali. Anakunywa nini karakanani? Soda mbili, wakati mwingine tatu. Anatembea? Mizani huja zenyewe, mikononi mwa wenyewe. Na alizaliwa na uzito gani? Robo akacheka kwa uchungu, akasimulia habari ya jina lake, na ya mwaka ule aliozaliwa, ambao mvua ilikataa mara mbili na watu wakapanga foleni ya unga tangu alfajiri.

"Basi huenda na hilo limo," muuguzi alisema. "Mtoto akiwa tumboni anaijua dunia kwa sahani ya mama yake. Sahani ikiwa tupu, mwili wake unajipanga kuishi kwa kubana. Kidogo kinachokuja kinapelekwa kwenye ubongo kwanza, na viungo vinavyoshughulikia sukari vinapata makombo. Halafu anazaliwa, anakua, anakuta soda na mkate mweupe. Mwili uliopangwa kwa njaa haujui ufanye nini na wingi."

Aliendelea, na haya nayaandika kwa sababu Robo hakuyasikia. Alisema hiyo ni hatari tu, wala si hukumu. Wako waliozaliwa wadogo wakazeeka wazima, wako waliozaliwa wakubwa wakaugua, na hata mama akiwa na sukari nyingi wakati wa mimba mtoto wake anaweza kuja kupata shida hiyohiyo. Sababu ziko nyingi, na aliyoweza kuigusa Robo leo ilikuwa ile soda. Lakini Robo alikuwa ameshanyanyuka kwenye kiti, na macho yalikuwa yamemtoka.

"Kwa hiyo kuna mtu alikula fungu langu," alisema.

"Sikusema hivyo."

"Umesema sahani ilikuwa tupu. Sahani haijimalizi yenyewe."

Alirudi nyumbani na vidonge mfukoni na hasira kifuani. Maisha yake yote alikuwa ametembelea masoko akiwashika wauza nyama wanaopunguza mawe, na sasa, uzee unapokaribia, anaambiwa kwamba yeye mwenyewe alipunjwa kabla hajapata hata mdomo wa kulalamika. Lilimuuma kwelikweli. Hakulala akifikiria ugonjwa, alilala akifikiria mwizi.

Kesi ilisikilizwa Jumapili, sebuleni, baada ya chakula. Robo aliihamishia mizani kwenye meza ndogo, akaketi nyuma yake, akawa hakimu, mlalamikaji na kielelezo kwa wakati mmoja. Mama yake aliletwa na ungo wake. Tani alikuja na karanga, kwa sababu, alisema, hajawahi kuhudhuria kesi ya mtu kuliwa fungu akiwa tumboni na hataki njaa imkatishe. Mkwe alisimama mlangoni, kitambaa cha vyombo begani.

Mama aliulizwa alikula nini mwaka ule. Akajibu alikula kilichokuwepo. Kilikuwepo nini? Kidogo. Na kikubwa kilikwenda wapi? Kikongwe akapepeta mchele, akasema hakuona kikubwa. Robo akamkumbusha kwamba yuko mbele ya baraza. Mama yake akamkumbusha kwamba yuko mbele ya mama yake.

Basi wakahesabu waliokuwemo ndani ya nyumba siku zile. Baba mzazi aliachiwa mapema, kwani alikuwa mji mwingine akitafuta kazi na wala hakuonja hata makoko ya nyumbani. Babu, mzaa baba, alikuwepo, lakini Robo hakutaka hata atajwe. Babu ndiye aliyemlea, ndiye aliyemfundisha kwamba mwenye haki hulala usingizi, na mawe ya kwanza ya mizani alimpa yeye. "Marehemu hasemwi," Robo alisema, na mama yake akainamia ungo zaidi. Wakabaki watu wawili, mama mwenye tumbo na Tani, ambaye wakati ule alikuwa na miaka mitatu.

"Ushahidi umekaa kwenye kiti chenyewe," Robo alisema, akimnyooshea dada yake kidole.

Tani alitazama kiti, akajitazama, akakubali kwamba kiti kilikuwa kinateseka. Alijitetea kwamba mtoto wa miaka mitatu hana ufunguo wa stoo. Robo akasema mtoto wa miaka mitatu ana kilio, na kilio ni ufunguo. Tani akatafuna karanga akitafakari, kisha akasema basi, hata yeye mwenyewe hakumbuki, pengine alikula, na kama alikula anaomba radhi, kilikuwa kitamu. Hukumu ikatoka papo hapo: kuanzia siku ile, kila mlo, mshtakiwa atatoa sehemu ya fungu lake imwendee mlalamikaji, mpaka mwili wa mlalamikaji uridhike.

Hapa lazima nieleze hesabu za Robo, maana yeye aliziona ziko sawa. Mizani iliyotegwa vibaya kiwandani hairekebishiki kwa kuionea huruma. Unaikaza huku, unailegeza kule, unaipakia mzigo mpaka springi ikubali. Mwili wake ulitegwa kwa njaa, basi upakiwe shibe mpaka uelewe kwamba njaa imekwisha. Angeuliza kliniki wangemwambia kongosho haina skrubu. Hakuuliza.

Tani hakusumbuka na adhabu, alikuwa na harusi ya rafiki yake mbele na gauni lililokuwa likimbana. Lakini mama, chakula cha kwanza kilipopimwa, naye alisogeza sahani yake akasema tumbo lilikuwa langu, nami natoa. Hapo mkwe akabaki peke yake na fungu kamili. Hebu fikiri wewe: bibi wa mumeo ametoa, shangazi wa mumeo ametoa, na wewe uliyeolewa juzi unabaki umekumbatia kilima cha wali. Heshima si utumwa, wanasema, lakini waliosema hawakuwa wameketi meza ile. Mkwe alichukua kijiko, akakata upande wa wali wake, upande wa maharage, na kipande cha samaki chenye mnofu, akaviweka mbele ya baba mkwe wake kwa mikono miwili. Robo alimbariki, akala.

Akala hivyo mlo baada ya mlo. Kitumbo kikawa tumbo. Kwa mara ya kwanza maishani alitoboa tundu jipya la mkanda kwa kwenda nje na si kwa kwenda ndani, na alimwonyesha kila mteja tundu lile. Robo tatu zinarudi, alisema. Jioni alikunywa soda moja ya pongezi. Mkwe alikwenda kazini, akarudi, akala kilichobaki baada ya kutoa, akasema inatosha, akalala mapema. Tumbo lake lilikua mbele huku mikono ikipungua, na Robo, ambaye kwa jicho aliweza kukuambia kama kilo ya nyama imepungua upana wa kidole, hakuona.

Alichokiona ni kwamba macho yanafifia. Mwuza samaki alirudisha mizani iliyotoka kwake ikiwa inasoma nusu kilo kwa hewa tupu. Kidonda kidogo cha kiatu kikakaa kwenye kidole cha mguu wake kama mgeni aliyeambiwa ajisikie yuko kwake. Alipokwenda kliniki, muuguzi alitazama kijimashine, akavaa miwani, akakitazama tena, akamuuliza anakula nini. Robo akamweleza habari ya kesi na fidia, kwa fahari, mwanzo mpaka mwisho. Muuguzi alivua miwani na kuushika uso wake kwa mikono yote miwili.

"Baba," alisema hatimaye, "chakula cha tumboni huliwa tumboni. Wewe ulishatoka. Mlango ule umefungwa, na ukila shehena ya meli hautafunguka. Unachofanya sasa ni kuimaliza miguu yako. Anayeweza kulishwa kwa njia ile ni yule ambaye bado yumo."

Robo alisema ameelewa. Alielewa habari ya miguu, kwa sababu aliipenda, akaondoka akiwa ameamua kuacha soda. Ile sentensi ya mwisho aliiacha palepale juu ya meza.

Alikuwa bado hajafika langoni muuguzi alipomwita tena. Mwenzake wa chumba cha wajawazito alikuwa na mizani iliyokufa, na kwa kuwa fundi mwenyewe yupo, aitazame. Robo akafurahi. Kwenye mambo ya sukari alikuwa mgonjwa, lakini kwenye mizani yeye ndiye aliyekuwa daktari. Akatuma kifuko chake cha zana kiletwe kutoka karakanani, akaingia akiwa amekunja mikono ya shati.

Mkunga wa chumba kile alikuwa mwanamke kijana mwenye haraka. Alimweleza kwamba kuna mama mmoja anayehudhuria, tumbo linaonekana kabisa kukua, lakini kila akipanda hapo mshale unasimama palepale, na safari iliyopita ulirudi nyuma. Binadamu mwenye mimba harudi nyuma, alisema, kwa hiyo mizani imeharibika. Robo akakubaliana naye. Mizani za serikali, alisema, zinapigwa mateke na kila mtu.

Aliifungua. Akapuliza vumbi, akamtoa mende mkavu, akagusa springi kwa ncha ya bisibisi kama mtu anayesikiliza kifua. Akaifunga, akaweka mawe yake, moja, mawili, yote. Mshale ukaenda ulipotakiwa kwenda. Akayatoa, ukarudi sifuri bila kutetemeka. Akarudia kwa mpangilio mwingine, asiamini, maana ni nadra fundi kuitwa kwenye kitu kizima. Mwishowe akapanda mwenyewe. Mshale ukapanda naye mpaka mahali ambapo hajawahi kufika tangu azaliwe, na akautazama kwa kuridhika.

"Mwite huyo mama," alimwambia mkunga. "Tumwone akiwa juu."

Mkunga akafungua mlango, akaita kwenye benchi la nje. Akaingia mtu na harufu ya mvuke na wanga wa mashati, kanda mbili mkononi, tumbo mbele. Alipomwona aliyepiga magoti kando ya mizani, alisita.

"Shikamoo, baba."

Robo alisogea kumpisha, marahaba akaisahau. Mkwe wake akapanda kwenye mizani ile, miguu yake miembamba ikakaa mahali ilipokuwa imesimama ya kwake muda mfupi uliopita, na mshale ukasogea kidogo, ukasimama, kama mtu aliyekatazwa kuendelea. Mkunga akasoma, akaguna. Akamlaza kitandani, akapima tumbo kwa utepe, akapima tena. Akasema mtoto ni mdogo kuliko umri wake. Kisha akamuuliza mama mtarajiwa, kwa ule ukali wa watu wanaojali, kwao wanakula nini.

"Tunakula vizuri," mkwe alijibu. "Kila kitu kinapimwa."

Mkunga akageuka kwa fundi. "Haya, niambie wewe. Mizani ina nini?"

Sasa hapo, ndugu yangu, njia zilikuwa mbili, na zote zilikuwa wazi. Angesema springi imechoka, nani angebisha? Angeibeba, angekaa nayo karakanani mpaka mtoto azaliwe robo kama yeye, na jina lingekuwa tayari. Na mkwe mwenyewe, akiwa bado amelala, alikuwa ameshamfungulia mlango wa kutokea. Alisema taratibu, macho darini, "Labda ni uzee tu wa mizani, baba." Alikuwa anamstiri. Alikuwa ametoa wali, ametoa samaki, na sasa alikuwa anatoa na hiki.

Robo aliona haya mpaka masikio yakamwaka. Nyani haoni kundule, alikuwa amewaambia wauza nyama wangapi maneno hayo.

"Mizani ni nzima," alisema. "Haikosei hata unywele. Huyu ni mkwe wangu, na fungu lake nalila mimi."

Mkunga alidhani hakusikia vizuri, akataka arudie, na Robo akarudia. Kilichofuata ni karipio ambalo lilisikika mpaka kwenye benchi la nje, na wanawake waliokuwa wamekaa pale walisogea karibu ili wasikose. Baada ya karipio yakaja maagizo: mayai, maharage, mboga za majani, samaki, vidonge vya damu, kiti pale kwa dobi, na kurudi mapema apimwe tena. Muda bado upo, mkunga alisema, mtoto akilishwa sasa anaweza kupata mwili, lakini usichezewe. Robo alishika kila neno, na hakuondoka mpaka lile la "muda bado upo" limerudiwa kwa ajili yake.

Nyumbani aliitisha baraza kwa mara ya pili, safari hii akakaa yeye kwenye kiti cha Tani. Alijishtaki mwenyewe, akajitolea ushahidi, na alipofika kwenye kuomba msamaha akalia kama mtoto, mwanaume mwenye tundu jipya la mkanda. Mkwe alitaka kukimbilia jikoni, Tani akamshika. Kikongwe akaweka ungo sakafuni, jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona.

"Alikuwa babu yako," alisema.

Wote wakamgeukia.

"Aliyekula. Alikuwa mtu wa haki, akigawa yeye mwenyewe kwa mkono. Mtu mmoja fungu moja, ila mwenye nyumba fungu na nusu. Ile nusu ilitoka kwangu. Nilikuwa mkwe. Nani angemwambia?"

Robo alimuuliza kwa nini hakusema siku ile. Mama akajibu kwamba aliambiwa marehemu hasemwi. Na Tani je, aliyehukumiwa bure? Tani, mama alisema, ana mwili wa kuhimili. Tani akasema asante mama, nimefunga mpaka nguo zimenivuka kwa kosa la babu, kaburini kwake nitakwenda na sahani. Lakini hakucheka, na mama yake naye hakuwa amemaliza.

"Na huyu nilimwona akitoa," alisema, akimtazama mkwe. "Kila siku nilimwona. Nikanyamaza. Nimenyamaza mara ya pili."

Basi wakapika. Tani alipika mayai na maharage, mama akachambua mboga jani moja moja, na Robo akapakua kwa mkono, bila kupima. Sahani ya mkwe ilipanda mpaka kingo zikawa hazionekani. Ikawekwa mbele yake, nao wakakaa wakimwangalia, watu wazima watatu, na sahani zao ndogo. Mkwe alichukua kijiko. Akatazama sahani ya baba mkwe wake, akatazama yake, akakirudisha kijiko mezani. Akasema ameshiba. Wakambembeleza, akala punje mbili kwa adabu, akasema kwa kweli ameshiba, akaanza kumsogezea Robo yai.

"Hawezi," mama alisema. "Mbele yako hawezi. Hata mimi nisingeweza."

Kwa hiyo wakatoka. Robo, mama yake na Tani waliacha sahani zao mezani, wakaenda kusimama uani chini ya kamba ya nguo, na Tani akaufunga mlango kwa nje. Manyunyu yalikuwa yameanza. Jirani aliyekuwa akipita aliwaona wamejipanga ukutani, akasimama kuuliza kama kuna msiba au wamefukuzwa na mwenye nyumba.

"Mkwe anakula," Tani alimwambia.

Jirani alisubiri apate maelezo zaidi. Hayakuja, akaenda zake.

Ndani kulikuwa kimya, kisha kijiko kikagonga sahani. Kikagonga tena. Robo hakuwa ametia kitu tumboni tangu asubuhi, na njaa ilimshika kweli, ile ya kukunja utumbo, ambayo kwa jinsi alivyoipigia kesi mtu angedhani anaifahamu. Kijiko kikanyamaza. Robo akatega sikio, akamshika mama yake mkono, akanong'ona kwamba ameacha.

"Anapumzika," mama yake alisema. "Ngoja."

Wakangoja kwenye manyunyu, na baada ya muda kijiko kikaanza tena.